Banda Ambalo Halipo

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimeenda mjini kutazama ramani ya bomba. Siku nzuri kupita kiasi. Mawingu meupe yamelala juu ya Duisburg kama mashuka yaliyosahauliwa kwenye kamba. Ningekaa nje nikayatazama mpaka jioni. Lakini tangazo lilisema ramani zitawekwa wazi mwezi mzima, mwananchi yeyote aje aone, na mimi ni mwananchi yeyote.

Ramani kubwa kuliko meza. Bomba la haidrojeni linatoka bandarini, linakata Bustani za Jua la Jioni, linaingia kiwanda cha chuma, kwenye tanuri jipya ambalo halitakula makaa ya mawe tena. Mstari mwekundu, umenyooka, unapendeza. Nikaufuata kwa kidole polepole. Nikawa naiona ile haidrojeni, upepo usio na rangi wala harufu, ukipita gizani chini ya kabichi za watu. Karibu nisinzie. Kidole kikasimama. Kiwanja namba 41.

Changu! Tena si penye viazi. Penye banda la njiwa!

Nikamwuliza karani kama mstari hauwezi kusogezwa kidogo. Akasema mstari hausogezwi kwa kuulizwa, husogezwa kwa pingamizi: liandikwe, litiwe sahihi, lifike kabla ya katikati ya Mei kupita. Nikamwuliza pingamizi huandikwaje. Akasema hilo ni la mwenye uchungu.

Uchungu ninao. Njiwa hahamishiki. Mwachie Elfriede wangu asubuhi kule kusini mwa Ufaransa, alasiri utamkuta juu ya banda anachambua mbawa, kana kwamba katoka dukani. Hajui nchi, hajui mpaka, anajua banda. Livunje, lijenge mtaa wa pili, yeye atarudi palepale pa zamani azunguke hewani, pale mlango ulipokuwa. Njiwa wa marehemu baba walizunguka hivyo juu ya barabara kuu ilipojengwa, mwaka mzima, magari yakipita chini. Baba alikuwa akisimama darajani na kopo la mahindi. Sitaki kusimama darajani.

Roswitha, mke wangu, kasema si niandike tu kwamba bomba litavunja banda langu. Nimemwonea huruma. Hajui siasa za bustani.

Alhamisi, 10 Aprili

Siasa za bustani ni hizi, masharti ya chama kinachotukodishia viwanja. Kila kiwanja kibanda kimoja cha kupumzikia. Theluthi ya ardhi iwe chakula. Ua usizidi kifua cha mtu. Banda la njiwa, marufuku.

Langu lina miaka thelathini. Mwenyekiti wa zamani alikuwa mfugaji, akasema asichokiona hawezi kukikataza, na kila akipita kwangu alitazama upande wa mfereji. Akafa. Akaja Bi Tillmanns, mwanamke wa futi ya kupimia, ambaye hajawahi kufuga hata kuku. Nikajua nimekwisha. Siku ya ukaguzi wake wa kwanza alifika kwenye kona yangu, akasimama, akavua miwani. Akaipangusa kwa leso. Akaipangusa mpaka alipolipita banda, akaivaa mbele ya nyanya za jirani yangu Nurettin. Amefanya hivyo kila mwaka. Hatujawahi kulizungumza.

Leo nimemfuata ofisini kwake. Nikasema kuna jambo dogo kuhusu kitu fulani. Akasema kiwanjani kwangu hakuna kitu fulani. Nikasema ndiyo, lakini kama kingekuwepo, bomba lingepita juu yake.

“Bwana Wieczorek,” akasema, “ukiandika neno banda kwenye karatasi ya serikali, mimi nitakuwa nimeliona. Na nikiliona, litavunjwa kabla bomba halijafika.”

Kwa hiyo natakiwa kuliokoa banda bila kulitaja. Sheria imeniachia nafasi ya tundu la sindano. Sijakata tamaa. Nimelala chali juu ya majani, njiwa wakinizungukia juu, nikasubiri wazo. Amekuja inzi.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji Detlef amekuja kula keki. Huja kila Jumapili na hula keki ya dada yake kana kwamba kesho inapigwa marufuku. Ni mtu wa tanuri tangu ujana. Sasa wamemrudisha darasani ajifunze lile jipya. Anasema ndani hakuna moto wa kuuona. “Ni kupika kwa kudhani, shemeji.”

Nikamwuliza, kijanjajanja, kama mradi hauwezi kuchelewa kidogo. Mathalani miaka kumi.

Uma ukasimama hewani. Akauliza nina nini mimi. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto: vibali vya kutoa moshi vinapunguzwa kila mwaka kwa sheria ya Ulaya, tanuri la zamani siku zake zinahesabika, na msaada wa serikali umefungwa kwenye tarehe. Haidrojeni ikichelewa, tanuri jipya ni sufuria bila moto, na yeye mpishi bila jiko. Nikamkatia kipande kingine cha keki.

Hapo ndipo akalalamikia dohani. Dohani kuu la zamani lilitakiwa liangushwe ili pajengwe. Haliangushwi! Juu kabisa kuna kozi, wale ndege wawindaji, dume na jike, wamezaa humo, na sheria inasema kozi akiwa na kiota, tingatinga linazima injini. Mhandisi mzima, alisema Detlef, anapita chini yao kwa kunyata.

Kozi hao nawajua. Wamenilia njiwa watatu. Nimewatukana kwa majina ambayo Roswitha haruhusu ndani ya nyumba. Lakini leo, ghafla, niliwatazama kwa heshima. Ndege wawili, wasio na wakili, wamesimamisha kiwanda!

Nikamwuliza shemeji, kama kwa kupitisha muda, sheria inalinda nini kingine. Akahesabu huku keki imejaa mdomoni: popo, mijusi fulani, na yule chura mwenye mstari wa njano mgongoni, ambaye alizuia ghala kule kwenye yadi ya reli mpaka wenye ghala wakahamia mji mwingine.

Chura!

Roswitha kauliza mbona natabasamu. Nikasema keki.

Ijumaa, 16 Mei

Leo ni siku ya mwisho ya pingamizi. Nimeliwasilisha. Niandike yaliyotangulia.

Kwanza nilichimba bwawa. Bwawa la ndoto: mayungiyungi, mawe meupe, daraja dogo ambalo halikuwa na kazi yoyote ila uzuri. Nilikaa kando yake jioni nne nikisubiri vyura. Wakaja bata wawili, korongo mmoja, na Nurettin.

Nurettin ni jirani yangu wa 42, mstaafu wa kiwandani, na nyanya zake hushinda tuzo ya chama kila mwaka, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo. Aliegemea ua. “Kaka Gisbert, hili ni bwawa au kaburi la viazi?” Nikasema ni kwa ajili ya mazingira. Akasema mazingira yalishaomba viazi.

Nikaenda maktaba. Kumbe chura mwenye mstari hataki mayungiyungi. Huyu chura ana roho ya fundi ujenzi. Anataka mchanga mtupu, kifusi, vidimbwi vya maji ya mvua vinavyokauka baada ya wiki chache. Anapenda mahali ambapo mashine nzito zimepita. Kwa maneno mengine, pepo yake ni mahali bomba linapochimbwa. Nililitafakari hilo kwa muda, nikaona afadhali nisilitafakari.

Nikafukia bwawa. Nikang'oa viazi, saladi na kabichi. Nikaleta mchanga kwa toroli, na kifusi cha matofali, nikakanyagakanyaga vidimbwi kwa buti. Roswitha alikuja kuchuma stroberi zake, akakuta hakuna stroberi, hakuna hata mahali pa stroberi. Akasema nimeugeuza uwanja kuwa mwezi. Kweli! Jua lilipozama, kiwandani wakamimina taka za moto na mbingu ikawa nyekundu, vidimbwi vyangu vyote vikawaka. Nilihisi naweza kuruka kwa hatua moja hadi ng'ambo. Sijawahi kuwa na bustani nzuri namna ile.

Bi Tillmanns akaja na futi. Akauliza theluthi ya chakula iko wapi. Nikamwonyesha figili. Zilikuwa tatu. Akaandika onyo, akanipa, akaendelea na ukaguzi. Kwenye kona akavua miwani, akapangusa. Mungu amweke.

Pingamizi langu linasema: “Kiwanjani kwangu anaishi chura mwenye mstari, anayelindwa na sheria. Kutoonekana kwake kwa sasa ni kwa muda.” Roswitha kanilazimisha nifute sentensi ya pili.

Jumatano, 4 Juni

Serikali huamini karatasi, lakini hupenda kuona kwa macho. Imemtuma Daktari Voss, mtaalamu wa wanyama, binti mrefu mwenye buti za mpira, ahakikishe chura.

Chura hakuwepo. Hajawahi kuwepo. Lakini sikukaa bure. Maktaba ina kanda za milio ya wanyama, na Roswitha ana spika ndogo ya kusikilizia taarabu zake za Kijerumani. Tatizo lilikuwa pa kuificha. Nikamfikiria yule mzee wa plasta, kisanamu cha bustani mwenye kofia nyekundu, zawadi ya harusi kutoka kwa Detlef, anayesimama kando ya mlango akiwa ameshika jembe. Tumboni ni mtupu. Nikamhamishia katikati ya vidimbwi, spika ndani.

Daktari akaja kiza kikianza kuingia. Akasema wakati huu ndipo madume huita. Nikasema ndivyo nilivyosikia. Nikabonyeza kitufe mfukoni.

Mzee wa plasta akaanza kukoroma. Mlio mkavu, mrefu, kama mtu anayekwangua kitana. Daktari akafumba macho. Akanong'ona kwamba ni dume, tena mwenye afya. Nikasema namfahamu, hula vizuri. Akaandika. Akatega sikio tena, akasema ajabu, sauti inatoka juu kidogo. Nikasema hupenda kupanda.

Kisha spika ikaisha chaji.

Kimya. Daktari akafumbua macho. Nikaanza kukohoa, nikajaribu hata kukoroma mwenyewe kidogo, Mungu anisamehe. Na katikati ya kikohozi changu, mlio ukaendelea.

Si kwa mzee wa plasta. Kwenye kidimbwi cha kushoto. Halafu cha kulia. Halafu kutoka nyuma, kwa Nurettin, chini ya nyanya. Wakaanza kutokea kutoka upande wa reli, wadogo, mstari wa njano mgongoni, na hawaruki kama vyura wenye adabu; wanakimbia! Wanakimbia kama panya, kama watu waliochelewa harusi. Mmoja alipita juu ya buti yangu bila kuniomba radhi. Walimzunguka mzee wa plasta, kidimbwi kizima kikaimba, na mbingu ikawaka nyekundu juu ya kiwanda. Mimi na Daktari tulisimama pale katikati. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kwamba mimi ni mwongo.

Na sasa si mwongo! Kila nilichoandika ni kweli. Kimekuwa kweli kwa kuchelewa, lakini ni kweli.

Daktari alikuwa na machozi. Akasema kwa miaka hakuna aliyewaona wakizaa upande huu wa mfereji. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. “Mzee Wieczorek, umefanya jambo kubwa sana.”

Nimekubaliana naye.

Alhamisi, 18 Septemba

Kikao cha kusikiliza pingamizi. Ukumbi wa shule ya ufundi. Mbele, meza ya mwenyekiti wa kikao, mwanamume mwenye subira ya ng'ombe. Kulia, wahandisi wa bomba na chupa zao za maji. Kushoto, sisi wenye uchungu. Nyuma, watu wa kiwandani wamevaa koti za kazi, na katikati yao Detlef, ambaye hajui bado ni pingamizi la nani. Kila anayesema husema kwenye kipaza sauti, na kila kinachoingia kwenye kipaza sauti huandikwa. Hiyo ndiyo sheria ya kikao. Kuna pia mikate ya jibini, bure. Nilikula miwili.

Wa kwanza alipinga kelele. Wa pili alipinga vumbi. Wa tatu alipinga serikali. Mwenyekiti akawashukuru wote kwa sauti moja. Kisha akasoma jina langu.

Nyuma nikasikia Detlef: “Nani?” Kisha, baada ya kitambo: “Shemeji!” Watu wakageuka. Nikapunga mkono.

Daktari Voss akasimama akaeleza habari za vyura. Madume mangapi, viluwiluwi wangapi, mchanga wa namna gani. Alisema vizuri mno. Nilijisikia kama mzazi siku ya mahafali.

Akasimama mhandisi wa bomba. Mtu mpole, mwenye huzuni usoni. Akasema kampuni inakubali: njia inabadilishwa, bomba litafuata kando ya reli. Nyuma watu wa kiwandani wakaguna, maana kubadilisha njia ni kuomba kibali upya, na kibali kipya ni nusu mwaka. Upande wetu watu wakapiga makofi. Nikasimama nusu, nikainama kidogo.

Mhandisi hakuwa amemaliza. Akasema inasikitisha kidogo, kwa sababu bustani zenyewe zisingechimbwa. Mstari ule mwekundu chini ya Jua la Jioni ulikuwa wa kutobolewa na mashine kwa chini, kina kirefu, kutoka upande huu hadi ule. Maelezo yalikuwepo pembeni mwa ramani. Shida ni mahali pa kusimamisha mashine tu: uwanja wetu wa magari, na huko ndiko vyura sasa wamejichimbia. “Wenye viwanja wasingesikia lolote,” akasema. “Hakuna hata figili moja ambayo ingetikisika.”

Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Sijui kwa nini kilikuwa wazi.

“Kumbe hata banda la njiwa lisingeguswa?”

Niliisikia sauti yangu ikienda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Mwandishi wa kikao akaandika. Mwenyekiti akainua kichwa.

“Banda gani?”

Safu ya pili, Bi Tillmanns alikuwa ameshavua miwani. Alikuwa ameishika kwenye leso, anapangusa, anapangusa, mama wa watu, anafanya awezalo. Kisha mkono ukasimama. Akaivaa. Akanigeukia, akanitazama vizuri, na nikajua kwamba baada ya miaka yote hiyo, ameliona.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ushindi ni mkubwa, kwa upande wa vyura.

Kiwanja 41 sasa ni makazi yanayolindwa. Kuna uzio, na kibao: Usiingie. Mimi mwenyewe siruhusiwi kutia mguu bila Daktari Voss. Nimemwuliza kama aliyeutengeneza mwezi hawezi kuutembelea. Akasema kwa upole kwamba vyura wamelala, wamejichimbia, na buti langu ni zito.

Banda limevunjwa. Barua ya Bi Tillmanns ilikuwa fupi, na mwisho aliandika kwa mkono kwamba amesikitika. Nimepewa kiwanja namba 3, mwisho kabisa, kando ya reli. Nikanong'onezwa kwamba ofisi imeipeleka miwani kwa fundi, kwa sasa haioni, na kwa hiyo naweza kuzisimamisha tena zile mbao kule, kwa utulivu. Nurettin alinisaidia kuzifungua. Alizipanga vizuri, akazifunga kwa kamba za nyanya. Hakucheka siku ile. Nilitamani acheke.

Detlef bado anakuja Jumapili. Anakula keki akiwa ameelekea ukutani. Tanuri jipya limekamilika, linang'aa, na linasubiri. Juzi aliongea kwa mara ya kwanza: alimwambia ukuta kwamba kuna watu wamechelewesha karne kwa sababu ya chura. Roswitha akasema ukuta umesikia.

Na njiwa. Nilijenga banda lilelile, mbao zilezile, harufu ileile. Niliwafungia humo wiki mbili. Leo nimefungua.

Walipanda juu wote kwa pamoja, kundi zuri, likageuka fedha kwenye jua. Likageuka tena. Likaenda zake kiwanja 41.

Nilikwenda kwa baiskeli. Walikuwa wanazunguka hewani, pale mlango ulipokuwa, wanashuka kidogo, hawapati kitu, wanapanda. Kisha Elfriede akachoka, akatua juu ya kibao cha Usiingie. Wengine wakamfuata. Nilisimama nje ya uzio nikitikisa kopo la mahindi mpaka mkono ukafa ganzi. Nurettin alikuwa kwake anachoma soseji, akaja akasimama nami. Tukatikisa kwa zamu.

Nimemfahamu baba leo. Yeye alau alikuwa na daraja.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya ajabu. Ukungu tangu asubuhi, kila kitu kinaelea. Nimeamka bila mpango wowote, nalala na ulio bora kuliko yote!

Asubuhi nilikuta vigingi vyenye utepe mwekundu ndani ya kiwanja namba 3. Nikavihesabu mara mbili nikidhani ni ukungu. Bomba! Njia mpya inafuata reli, na mimi nimehamishiwa relini. Limenifuata kama mbwa aliyekosa mwenyewe.

Yule mhandisi mpole alikuwepo, kaja Jumapili kwa kuwa wamechelewa. Aliponiona alirudi hatua moja nyuma. Akaniomba, tafadhali sana, nisikilize kwanza. Hapa pia watatoboa kwa chini. Mashine itakaa ng'ambo ya reli. Sitasikia lolote. Akanionyesha maelezo pembeni mwa ramani, akanisomea kwa sauti, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Ndivyo wanavyosema siku zote.

Mchana akaja Daktari Voss, ana shida. Dohani la zamani lazima liangushwe kabla ya majira ya kuzaa, na kozi wanatakiwa wapewe sanduku la kiota, mahali pa juu, karibu. Ametafuta mnara wa kanisa, wamekataa. Ametafuta jengo la posta, wamekataa. Sasa kwenye kona ya kiwanja namba 3 kuna mlingoti wa zamani wa taa za reli, mrefu, imara, na anahitaji ridhaa ya mwenye kiwanja. Alikuwa na haya kuniuliza, alisema, kwa kuwa anajua mimi ni mtu wa njiwa.

Nikamwuliza swali moja tu. Kozi akishakaa pale, mashine itaruhusiwa kuja karibu?

Akasema majira ya kuzaa, hapana, hata ng'ambo ya reli ni karibu mno. Na vitu vilivyopo jirani havitakiwi kuvurugwa. Nikamwuliza hata kama ni kitu fulani cha mbao. Akasema hata hicho.

Nilitia sahihi kabla hajafunika kalamu.

Detlef, aliposikia dohani linaanguka, aligeuka kutoka ukutani, akanikumbatia, ana makombo ya keki kwenye masharubu. Akaniita kaka. Akasema alijua siku moja nitakisaidia kiwanda. Akaondoka anapiga mluzi. Baada ya nusu saa akapiga simu, akauliza, polepole, huo mlingoti uko upande gani wa bomba. Nikamwambia mtandao unakatika.

Nurettin naye aliegemea ua, maana alikuja kuona mafundi wakilipandisha sanduku mlingotini. Akatazama juu kwa muda mrefu. “Kaka Gisbert,” akauliza, “hivi kozi anakula nini?”

Nikamwambia mambo ya chakula yako chini ya Daktari.

Lakini la leo ni hili. Jioni, mafundi wakiwa bado wanakaza misumari, ukungu ukafunguka kidogo, na kutoka upande wa 41 akaja ndege mmoja. Peke yake. Bila kopo, bila mahindi, bila kuitwa. Akazunguka mara moja juu ya reli, akashuka. Elfriede! Katua kwenye banda jipya, mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe!

Akachambua mbawa. Kisha akageuza kichwa upande, akatazama juu, kwenye sanduku, kwa jicho moja, muda mrefu sana.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Sasa tunalindwa na sheria.